Karoti Zilizonitetea Msituni

Mimi ni mtu wa kochi. Kutoka Sekei, huku mjini, kupanda hadi kwa mama, ukingoni mwa msitu wa Meru, naona kama naenda ng'ambo. Ila mwaka ule goti lilimkamata mama, na palizi haingoji goti.

Mama alilima ndani ya shamba la miti la serikali. Masharti ni haya: wanakupa eneo lililovunwa, unapanda karoti zako, na katikati yake unaitunza miche ya misindano, miti yao ya mbao, mpaka ikue na kivuli chake kikufukuze. Wapo wajanja wanaoikata miche kimyakimya ili kivuli kichelewe. Ukikamatwa, unanyang'anywa. Na mama hakuwa na shamba lingine.

Basi nikapalilia. Majani yalikuwa marefu, na mimi nikajituma kuliko siku zote tangu nimalize kidato cha nne. Nilipoinua mgongo, mistari mitatu ilikuwa safi, udongo mtupu. Nikajipongeza kwa soda.

Kesho yake mlinzi wa msitu aliingia uani kwa mama, mkononi mche uliokatwa.

"Shikamoo mama. Kwako sikutegemea kabisa."

"Marahaba." Mama akanigeukia. "We, ulipalilia nini?"

"Majani."

Tukapanda wote watatu hadi shambani, mama na fimbo yake. Mlinzi akachutama kwenye lundo langu la majani. Akachomoa mche. Akachomoa mwingine. Halafu karoti, nyembamba kama njiti. Karoti nyingine tena.

"Mama, anayekwepa kivuli hukata miti aokoe karoti. Huyu kamaliza vyote!"

"Ndiye niliyemsomesha," mama akasema, akitazama pembeni.

Mlinzi alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kicheko hakikufuta kosa: mama angebaki na shamba kama ningepanda upya kila mche na kuutunza hadi ushike. Jumamosi zangu zote za masika ziliishia huko. Mlinzi mwenyewe alileta miche kutoka kitaluni, tukachimba mashimo pamoja, akinifundisha kama mtoto wa chekechea: "Huu mti. Hili jani. Rudia."

Leo misindano yangu imenipita kimo. Kivuli kimefika, na mama amepewa eneo jipya juu kidogo. Palizi ikikaribia hunipigia simu: "Wewe usije, baba. Pumzika."

Naenda. Kwanza naigusa miche yote, mmoja mmoja, ndipo nashika jembe.