Maneno Aliyosahau Mama Mdogo

Juzi nilikuwa nasukwa kwenye saluni moja pale Msasani, msusi akafungulia wimbo wa zamani kwenye simu yake. Nikajikuta jikoni kwa bibi, kwenye harufu ya ndizi zinazochemka na moshi wa kuni mbichi.

Mama mdogo Atupele, mwimba kwaya, alikuwa ametunga wimbo wake mwenyewe. Alinunua kaseti tupu mjini, zilipoanza kujaa madukani, ili arekodi na kuupeleka redioni Dar. Tulitaka kuiwahi mvua, maana ikishapiga bati hakuna kinachosikika. Betri nazo zilikuwa zimechoka, kurudia kusingewezekana.

"Utulie hapo, mwanangu," aliniambia, akabonyeza kitufe cha redio kaseti.

Aliimba vizuri mpaka katikati. Hapo maneno yakamwishia, akabaki na du-ba-da, du-ba-da, macho kayafumba. Nilimwonea huruma. Sikujua kwamba kuna watu wanaoimba hivyo kwa kupenda. Kanisani kwetu aliyesahau ubeti alinong'onezwa na jirani yake, na jirani pale nilikuwa mimi.

Nikamsogelea. "Mama mdogo, ni mvua. Hapo unasema mvua imerudi."

Alifumbua macho, akatabasamu, akaendelea na du-ba-da yake. Kaseti ikaenda Dar hivyo hivyo.

Msusi alisimamisha mikono, akacheka. "Mama, umesikia? Kuna katoto kanamkumbusha maneno!"

"Nimekasikia," nikamwambia. "Usizime. Sasa hivi bati litaanza kulia."