Vyuma Nilivyomchungia Daktari

Mwanangu, kabla sijasema neno, wacha nikutajie waliokuwepo siku ile nyumbani kwetu Kalamba, maana siku hizi kuna wanaosema walikuwepo na hawakuwepo.

Alikuwepo mama mkwe wangu, Kalekye, mwenye boma. Alikuwepo Ndanu, mke wa Daktari Nzioka, na kitambaa cheusi kichwani, kwa sababu Daktari alikuwa amezikwa wiki tano tu kabla ya hapo. Alikuwepo mkubwa wa Daktari kazini, mzee mwembamba ambaye wote walimwita Prof, na mpaka leo sijui jina alilopewa na mama yake. Alikuwepo Wambui, msichana wa Murang'a, mwanafunzi wa Daktari. Alikuwepo Mulwa, dereva wa landrova yao, mtu wa Kwa Vonza, ambaye utani haukumwisha hata matangani. Na nilikuwepo mimi, Mbithe, mama Mueni, mwenye miaka ishirini na sita, nikipika chai jikoni huku nikiwa na jambo ambalo nilikuwa nimelificha tangu Juni.

Wageni hao walikuwa watu wa idara ya jiografia, chuo kikuu huko Nairobi. Mimi niliacha shule darasa la tatu. Waliposema "sisi watu wa Dipatimenti", nilidhani Dipatimenti ni ukoo wao. Usinicheke. Walikuwa wakigawana chakula kama ukoo, wakigombana kama ukoo, na mmoja akiugua wote wanajua amelala wapi. Sasa ukoo huo ulikuwa umefiwa.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo, Daktari alikuja kwetu mara ya kwanza, mwezi wa kumi, kabla mvua haijanyesha. Habari ilienea kwamba daktari amefika, na mama Wavinya wa ng'ambo ya kilima akaja mbio na mtoto anayekohoa. Daktari akamshika mtoto kichwa akasema, "Mama, mimi ni daktari wa udongo. Huyu akianza kukohoa mchanga, niite." Tulicheka mpaka mama Wavinya mwenyewe akacheka.

Kilichomleta ni korongo letu. Lilianza kama njia ya ng'ombe, mvua ikalichimba, na wakati huo lilikuwa limefika hatua thelathini kutoka ghala la mama mkwe. Kwenye mteremko wa juu yake Daktari alipigilia vyuma ishirini, vyembamba, virefu kama mkono, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Alivigonga mpaka kichwa kikalingana na ardhi. Vingine ishirini akavipigilia kwa mama Wavinya. Halafu akaniita.

"Mama Mueni, wewe ndiye uko hapa kila siku. Nichungie hizi vyuma. Zisitoke."

"Zitatoka zikienda wapi?" nikamuuliza.

"Wewe chunga tu."

Mwanangu, neno hilo lilinishika. Kwetu ukiambiwa chunga mbuzi, akipotea mmoja unaulizwa wewe. Nilivihesabu vyuma vile, na kwa kuwa hesabu zilikuwa zikinichanganya nilivipa majina ya akina mama wa mwethya wetu, kile kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu. Wavinya, Katunge, Nduku, Syombua, Ndinda, mpaka vikaisha vyote. Nikipita na mtungi navisalimia.

Mvua ya Novemba ilikuja kwa hasira. Asubuhi yake nikaenda kuangalia, nikaona aibu. Nduku ametoka vidole vitatu. Katunge viwili. Syombua amesimama nje kama mtu aliyefukuzwa. Nikajiambia, Daktari akikuta hivi atasema huyu mwanamke hawezi kazi. Nikachukua jiwe, nikavigonga kimoja kimoja mpaka vichwa vyote vikalingana na ardhi. Na kila mvua iliponyesha, nilirudi na jiwe langu.

Januari Daktari alikuja na rula yake. Akainama kwenye cha kwanza, akaandika. Cha pili, akaandika. Alipofika cha kumi akasimama, akavua kofia.

"Mulwa, njoo uone. Hapa udongo umekataa kwenda!"

Alikuwa na furaha, na mimi nikavimba kichwa. Nilidhani ananisifu mimi.

Kwa mama Wavinya vyuma vilikuwa vimetoka, maana huko hakuna aliyeambiwa achunge. Basi kwenye baraza ya chifu Daktari alisema mwethya waanze kuchimba matuta ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, kwa mama Wavinya, kwa sababu kwetu korongo limetulia. Watu wakamwamini. Wakachimba huko kiangazi kimoja, wakachimba cha pili. Nami nikawa nachimba nao huko, korongo la nyumbani likitembea polepole kuelekea ghala. Niliona linatembea, mwanangu. Lakini aliyesema limetulia alikuwa mtu wa vitabu, nami ni nani?

Juni ya mwaka wa pili, Wambui alikaa nami jikoni tukichambua maharagwe. Nikamuuliza tu, kwa mazungumzo, rula ile hupima nini.

"Hupima urefu wa chuma kilichobaki nje," akasema. "Udongo ukichukuliwa na maji, chuma huachwa uchi. Ule uchi ndio udongo ulioenda. Ndiyo maana hapa kwenu panashangaza. Karibu miaka miwili, sufuri tupu."

Maharagwe yalinimwagika.

Nje nilimsikia Daktari akiongea na Mulwa. "Kule Dipatimenti wananicheka. Prof anasema korongo kama hili haliwezi kutulia, labda sikupima vizuri. Nimemwambia kitabu kikitoka atameza maneno yake."

Ningetoka pale pale. Hatua kumi tu kutoka jikoni mpaka kwenye landrova. Nikasema, leo ana furaha, nitamwambia akirudi. Wakapanda, Mulwa akapiga honi kama kawaida yake, nikawapungia mkono.

Hakurudi. Homa ya manjano ilimlaza, na Septemba tukasikia amekufa.

Ndipo tunafika siku ile. Walikuja kwa sababu Ndanu alitaka kuona mahali ambapo mumewe alikuwa akipataja hata hospitalini. Prof alikuwa na makaratasi ya Daktari kwenye mkoba. Tuliketi nje, mama mkwe akaomba, halafu Prof akasema kwa sauti ya chini, "Tutachapisha kitabu chake kama alivyokiacha. Kila namba. Mimi ndiye nilikuwa nikimbishia sana. Nimekuja nione hili korongo, nimwombe msamaha hapa hapa."

Ndanu akafuta machozi, akatabasamu kidogo. Nikakimbilia jikoni.

Mama mkwe akanifuata. Hakuwa mtu wa kuinua sauti.

"Mbithe. Hiyo chai inamwagika kwa nini?"

"Imejaa, mama."

"Haijajaa. Tangu Juni nakuona huendi tena huko juu na jiwe. Mara ya kwanza nilidhani umetumwa. Ulitumwa?"

Nikapanga vikombe upya kwenye sinia.

"Yule mama amekuja kuona kazi ya mume wake," akasema. "Kama kuna kitu chako ndani ya hiyo kazi, katoe. Daktari umeshamzika na swali lake. Hawa wengine bado wanasikia."

Akachukua sinia mikononi mwangu akatangulia. Nikamfuata. Nikasimama mbele yao, nikasema yote, mvua, vidole, jiwe. Sikujua pa kuangalia, nikaangalia vikombe. Vilikuwa vya bati, vya buluu, kimoja kimebanduka ukingoni.



Wambui ndiye aliyeanza. "Mama Mueni! Ulinitazama nikiandika sufuri, sufuri, ukinipa na chai!"

"Sikujua, Wambui. Mpaka Juni sikujua."

"Na baada ya Juni?"



Ndanu akainuka. "Mume wangu amekufa akigombana na wenzake," akasema polepole. "Kwa sababu ya jiwe lako."

Prof alivua miwani, akaikunja, akaikunjua. "Nilikuja kusema nilikosea," akasema. "Sasa naambiwa nilikuwa sawa. Sijawahi kuwa sawa nikaumia hivi."

Nikamwambia Wambui achukue daftari tuende huko juu. Sijui nilipata wapi huo ujasiri. Nilisimama kwenye chuma cha kwanza nikasema, huyu ni Wavinya, mvua ya kwanza vidole viwili, ya pili kimoja. Huyu Katunge, viwili, halafu vitatu. Nduku vitatu, halafu vinne, halafu mvua kubwa ikamtoa kiganja kizima. Nilivitaja vyote ishirini, mvua kwa mvua, kwa sababu kila aibu yangu nilikuwa naikumbuka. Wambui aliandika huku machozi yakimdondokea kwenye karatasi.

"Majina ya watu?" Mulwa akaniuliza. "Mimi sikupata chuma?"

"Wewe ungekuwa umeshaanguka," nikamjibu, na ndiye peke yake aliyecheka.

Prof alisoma zile kurasa. Akasema vidole vya kukumbuka si rula, haviwezi kuingia kitabuni. Kitabu kilitoka bila korongo letu. Aliniambia hilo bila ukali, na nilielewa.

Waliondoka. Nilipokusanya vikombe, cha Ndanu nilikikuta kimejaa, chai imeshika utando.

Novemba hiyo korongo lilichukua ghala la mama mkwe pamoja na mtama na kunde za mwaka mzima. Tulisimama tukitazama. Nilingoja anitukane. Alisema tu, "Mbithe, leta jembe tuokoe mbao." Mwanangu, afadhali angenitukana.

Januari mwethya walihamia kwetu. Siku ya pili tukasikia honi. Mulwa. Nyuma ya landrova walikuwa Prof, Wambui, watu wengine wanne wa Dipatimenti ambao sikuwajua, na Ndanu, amefunga leso kiunoni. Hakunisalimia. Alichukua koleo akaingia kwenye mtaro karibu nami, akawa anatupa udongo juu, mimi nikitupa juu, mpaka jua likapinda. Tulipoketi kula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, alinyoosha mkono mwenyewe akachukua kikombe cha buluu kilichobanduka, akanywa mpaka kikaisha. Hakusema amenisamehe. Matuta yale bado yapo, nenda uyaone.

Sasa shika haya, mwanangu. Ukipewa kazi, uliza ni ya kazi gani, hata kama aliyekupa ana vitabu vya kujaza nyumba. Daktari hakuniambia, nami sikuuliza mara ya pili, na sote wawili tulikuwa watu wazuri. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili: ukigundua umekosea, mwendee mwenyewe siku hiyo hiyo, akiwa na furaha au hasira, akiwa na mguu mmoja ndani ya gari. Usimwekee kosa lako akiba mpaka arudi. Mimi niliweka miezi mitatu, na maneno yaliyokuwa ya Daktari nikayapeleka kwa mjane.

Mungu akuwekee udongo wako pale ulipo, akupe mtu wa kukufuata jikoni siku mkono utakapotetemeka, na miguu ya kutoka nje baada yake.

Na kama kuna jina nimelikosea hapa, au aliyekuwepo nikamwacha, au pengine kikombe hakikuwa cha buluu, njoo uniambie. Njoo sasa, ningali nasikia.