Nilivyomfokea Mkwe kwenye Spika

Chekeni tu, maana Machame nzima imeshanicheka, na mpaka leo naingia kanisani kwa mlango wa nyuma.

Lakini hasira yangu kwanza iwaendee hawa wanaopiga simu alfajiri ukiwa unakamua ng'ombe, mchana ukiwa msibani, eti umechaguliwa kupewa mkopo, eti jiunge na bima (nani aliwaambia nina shida?), mpaka nikashuka Moshi mjini kulalamika kwenye ofisi inayosimamia mambo ya simu, na dada wa pale akaniambia kunisumbua bila ridhaa yangu ni kosa, wakipiga tena niulize jina na kampuni, nimpelekee. Nikarudi nyumbani mimi ndiye askari, mimi ndiye hakimu.

Jumamosi jumuiya ilikuwa inasali kwangu. Namba ngeni ikaita katikati ya sala, damu ikanichemka, nikaweka spika (hapo ndipo nilipojichimbia kaburi) ili wanajumuiya wote wawe mashahidi.

"Habari za asubuhi, mama. Tuna jambo jema tungependa kukuletea."

"Nani kakupa namba yangu? Sheria inakataza! Taja jina, tapeli mkubwa wewe, usiye na haya!"

Kisha sauti ikasema taratibu, "Naitwa mzee Elia, wa Mwika. Namba nimepewa na binti yako. Tulitaka kuja kuposa. Basi, mama, kwaheri."

Neema wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama, si nilikuambia baba mkubwa wa Godlisten atapiga?" Aliniambia kweli. Akakaa kizingitini akalia, na wanajumuiya wote wakainamia vitabu vyao vya nyimbo. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake nikaenda Mwika na jani la isale, maana kwetu ukimwendea mtu na isale kuomba msamaha, kukukatalia ni vigumu. Mzee akalipokea, akaligeuzageuza mkononi. Nikiwa bado nimeinamisha kichwa, simu ikaita kwenye pochi. Namba ngeni!

"Pokea," akasema. "Weka spika."

"Hongera, mteja wetu! Umechaguliwa..."

Mzee akaninyang'anya simu. "Nani kakupa namba hii?" akafoka mpaka kuku wakatawanyika. "Tapeli mkubwa wewe, usiye na haya!"

Akakata, akanirudishia simu huku anahema. "Sasa, mama, tuje lini?"

Nimeapa: namba ngeni nitaipokea kwa adabu, nisikilize mpaka jina litoke. Likitoka, na likiwa si la mkwe, hapo tutajuana.