Viazi vya Baba Mkubwa

Kila wanapofyeka majani hapa shuleni ninapofundisha, Korogwe, ile harufu mbichi hunirudisha kijijini kwetu Malindi, kule Lushoto, na mikono huanza kuniwasha. Msicheke. Majani ya tembo yana makali, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa kuyakata kwa ajili ya ng'ombe wetu, mlafi asiyejua kushiba wala kushukuru.

Majani hayo yalipandwa kwa mistari iliyokatisha mteremko, ili maji ya mvua yasikimbie na udongo. Shamba letu lilikuwa chini. La juu yake lilikuwa la baba mkubwa, kaka yake baba, na majani nilikata kote kuwili. Mama alizoea kusema, "Huku milimani, shamba lako analilinda aliye juu yako." Mimi nilidhani anamsema Mungu.

Mwaka huo mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, aliugua tumbo, akalazwa hospitali ya Bumbuli. Mumewe akawa mtu wa kwenda na kurudi, amekonda mpaka shati linampwaya. Masika yalipokaribia nilipanda shambani kwake kukata majani, nikamkuta anayang'oa. Mistari yote, na mizizi yake! Pale pale alikuwa ameanza matuta ya viazi yanayoshuka moja kwa moja na mlima, maana hivyo ndivyo jembe linavyokwenda upesi, na viazi havikosi mnunuzi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Chukua haya, ukampe ng'ombe," alisema bila kuniangalia.

Nilishuka mbio kumweleza mama. Alitazama juu kwa muda, jembe mkononi.

"Si umwambie!" nikasema.

"Nimwambie nini? Mimi nimeolewa hapa."

Akampigia simu baba, aliyekuwa kibarua Tanga. Nilisikia sauti yake ikikwaruza: "Mke wangu, yule ni kaka yangu, na mkewe yuko kitandani. Nianzie wapi?" Basi, ikaishia hapo. Nilikasirika hadi ugali ukanishinda. Nilimwona mama mwoga, na kila asubuhi alipoinama na kusema, "Shikamoo shemeji," nilitamani nimzibe mdomo.

Mvua ikaja. Mwanzoni ilikuwa ya kawaida, tukaifurahia. Kisha ikamwagika alasiri nzima, na kila mfereji kati ya matuta ya viazi ukaleta maji kwetu. Tulikuwa barazani, tunaona. Yalikwenda maharage, ukaenda ukingo wa shamba, ukaenda ule udongo mweusi ambao mama alikuwa akiulisha samadi tangu aolewe. Ukabaki udongo mwekundu wa chini, kama goti lililochubuka. Mama alitoka na jembe kuchimba mtaro ayageuze maji. Yakamzidi. Akasimama tu, kanga imemganda mwilini. Nilimwita, nikalia, nikamwita tena. Hakurudi mpaka mvua ilipokatika.

Asubuhi tulishuka bondeni na ndoo. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, nasi tukajitia kuzoa udongo. Nusu ya kila ndoo ilikuwa mawe. Baba mkubwa akatufuata na karai lake, akazoa pamoja nasi. Jua lilipopanda akasimama.

"Shemeji," alisema, "ningefanyaje?"

"Hata mimi ningeyang'oa," mama akajibu, akainama kujaza ndoo.

Nilimchukia kwa jibu lile. Ilibidi nizae, mwanangu alazwe, nami nitafute ndani ya nyumba yangu kitu chochote cha kuuza, ndipo nikajua kwamba mama hakuwa mwoga. Alikuwa amekwisha kuona tangu siku ile ya kwanza, jembe mkononi, kwamba hakuna la kumwambia mtu yule.

Sehemu ya viazi ilipona, ikauzwa. Mama mkubwa naye akapona. Baba mkubwa alirudisha majani, mbegu akachukua kwetu, na leo yamesimama marefu kuliko mimi. Lakini pale petu bado ni pekundu. Mama anatia samadi kila msimu na mahindi yananifika magotini.

Nikienda likizo, mama mkubwa huja kuniona, kibogoyo mcheshi, mkongojo mkononi. Nampa shikamoo, ananishika mkono na haachii upesi. Mkono wake una joto. Nyuma yake naliona shamba letu, na mpaka leo sijui nimkasirikie nani.