Ubao Wenye Tanga Uliong'arishwa

Mke wangu alizaliwa kando ya Ziwa Nyasa, nami nikamwoa na kumleta Makambako, mahali ambapo upepo hauna adabu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu aliniambia waziwazi: kipupwe kikiisha kabla hajapazoea, atarudi kwao. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

Utotoni aliwahi kufundishwa na mgeni mmoja kuteleza ziwani juu ya ubao wenye tanga. Kwa hiyo nilipoziona mbao mbili za namna hiyo kwa muuza mitumba, nilidhani Mungu amenisikia. Maji yangetafutwa, lakini upepo si tunao?

"Huu mfupi ni wa mtu aliyebobea," muuzaji alisema. "Huu mpana ni wa kila kazi. Anayejifunza, anayejua, upepo mdogo, upepo mkubwa, wote humo humo."

"Wewe umeshaupanda?"

"Bosi, mimi naogopa hata beseni."

Huo mpana uliandikwa idadi ya lita. Niliugeuza na kuugeuza nikitafuta mahali pa kuzijazia, nisipaone. Baadaye sana niliambiwa lita zile ni kipimo cha kuelea. Siku ile niliununua tu, kama mbuzi kwenye gunia.

Nyumbani ndipo nikachanganyikiwa kabisa. Pezi moja lilikaa nyuma, lingine lilipita katikati ya ubao, likiingia na kutoka. Mlingoti niliuchomeka, nikauchomoa. Nilipolisimamisha tanga uani, upepo ulitusukuma sote wawili hadi kwenye mahindi ya jirani.

Wiki hiyo mama yangu alikuja kutoka Kidugala. Alipapasa uso wa ubao, akaukuta unakwaruza kama msasa.

"Mkamwana wangu akanyage hapa? Atachubuka!"

Kwetu mgeni hupokelewa kwa sakafu inayong'aa, na kwa mama, binti huyu wa ziwani alikuwa bado mgeni. Mama aliukwangua ubao, akapaka dawa nyekundu ya sakafu, akasugua mpaka ungeweza kujitazama. Nilimsifu, tukaufunika mpaka siku ya kuupanda. Nilijua nini mimi?

Jumamosi tulikodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, tukaupeleka ubao kwenye bwawa la kumwagilia upande wa Kichiwa, mama akiwa na chupa ya chai na viazi. Mke wangu aliugusa ubao, akaduwaa.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, mwanangu," mama alijibu kwa fahari.

Mke wangu alimgeukia. "Asante, mama. Ubao umependeza."

Akapanda, akateleza. Akapanda tena, pu! majini. Mkwaruzo ule uliokwanguliwa, kumbe, ndio uliokuwa wa kushika nyayo. Nami, nisiyejua kuogelea, nilisimama ukingoni nikijiambia kwamba kesho anafungasha.

Ndipo alipolifungua tanga, akalisukumia ukingoni kwangu, akalala kifudifudi juu ya ubao na kupiga makasia kwa mikono, akalizunguka bwawa lote. Gauni lake likawa jekundu tumboni.

"Tanga je?" nilipaza sauti. "Upepo ni mzuri!"

"Upepo ninao nyumbani usiku na mchana, mume wangu. Nilichokosa ni maji."

Kipupwe kilipoisha sikuthubutu kumkumbusha. Nilimsikia tu jikoni akiongea na mama kwenye simu, akimwomba akija alete dawa nyingine ya sakafu, maana ile ya kwanza imeanza kubanduka.