Nyumba ya Baba, Jina la Rafiki

Siku ile sijaisahau, mwanangu, siku Mzee Filbert alipokuja Katumba kwa baiskeli kunitafuta mimi, wala si baba.

Ngoja nikueleze. Baba alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, tukiishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na miaka ile mkimbizi hata kwenda Mpanda mjini ilikuwa lazima awe na kibali, sembuse kununua kiwanja. Basi kile alichonunua Nsemulwa, hukohuko Mpanda mjini, ili sisi watoto tupate pa kukaa tukisoma sekondari, kiliandikwa jina la rafiki yake, huyo Filbert, raia, Mpimbwe wa kijiji cha Mamba. Tofali za baba, bati za baba, jina la Filbert. Hapakuwa na ujanja wowote. Wazee wale walipendana.

Mzee akaegesha baiskeli, akasema, "Kijana, wewe ndiye umesoma. Andika karatasi kwamba nyumba ile ni ya baba yako, niweke dole gumba mbele ya mwenyekiti wa mtaa."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka! Kwetu, mtu mliyekunywa naye pombe ya chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, ukimletea karatasi umemtukana. Nikamjibu, "Mzee wangu, nyie ni ndugu. Karatasi ni za watu wasioaminiana." Nilijiona nimesema neno la hekima, kumbe upuuzi mtupu.

Akaniangalia weee. "Urafiki wetu tutazikwa nao," akasema. "Nyumba itabaki." Akapanda baiskeli yake akaondoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mimi niliyeziba masikio sikuvunjika lolote. Alivunjika mama.

Miaka ikaenda. Tukapewa uraia, baba na mama wakahamia wenyewe kule Nsemulwa. Na hata hapo sikwenda kubadilisha jina; mara tumbaku haijakauka, mara mvua, visingizio havikosekani. Baba alipoanza kuugua akaniita tuandike wosia. Niliuandika kwa mkono wangu, mwandiko safi kabisa, mashahidi wakasaini: shamba la Katumba letu sisi watoto, nyumba ya Nsemulwa ya mama. Baba akashusha pumzi, akasema sasa hana deni na mtu. Nami nikaamini mambo yote tayari.

Filbert alitangulia, baba akafuata. Matanga hayajapoa, wakaja watoto wa Filbert na karatasi ya kiwanja. Hawakuwa wezi, nisiwasingizie. Waliamini walichoachiwa na baba yao, naye hakuwahi kuwaeleza. Nikatoa wosia wangu kwa kujiamini. Mbele ya baraza la ardhi nikaambiwa, kwa upole tu, kwamba baba alimpa mama kitu ambacho kwenye karatasi si chake.

Mama akahamisha vyombo vyake kwa mkokoteni. Hakunilaumu hata neno moja, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, heri angenitukana. Alikaa kwangu chumba cha nyuma miaka miwili, na kila mgeni alimwambia yuko hapo kwa muda tu. Akafia humo.

Sasa nisikilize, mwanangu. Wosia peke yake ni nusu ya kazi. Ukija kuniambia umeandika, nitakuuliza hati ina jina la nani. Kabla hujagawa kitu, hakikisha kwanza ni chako, watu wanajua na karatasi inasema. Kama jina ni la mwingine, mfuate angali hai mwandikishane, hata kama ni rafiki, tena hasa kama ni rafiki, maana marehemu haitwi kutoa ushahidi. Kisha mkalishe mkeo na watoto, waonyeshe karatasi zilipo, wazisome kwa sauti wewe ukiwepo, wakiuliza uwajibu. Kuna watakaosema unajitabiria kifo. Waache waseme, kwani kifo kinasubiri kutabiriwa?

Mungu akuzeeshe, akupe wajukuu wa kukusumbua. Na siku atakapokuita, mkeo alie kwa kukukosa wewe, asilie kwa kukosa pa kulala.