Kubali, Kisha Ongeza

Kichomi, mwanamke aliyekuwa dobi mchana na mchekeshaji kila Jumamosi jioni, alikuwa na kinyongo na kaka yake. Kaka mwenyewe alikuwa mhadhiri wa falsafa, bingwa wa maneno. Mama yao alipokuwa mahututi alimwita mwanawe huyo mpaka sauti ikamkauka. Mhadhiri akatuma salamu kwamba yuko mkutanoni, anazungumzia wajibu. Alifika siku ya mazishi, akatoa hotuba tamu, waombolezaji wakamsifu. Suti aliyovaa ilipigwa pasi na Kichomi.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kichomi alisubiri.

Katika ukumbi alikochekeshea, juu ya karakana ya seremala, mgeni hujadili swali zito, kisha hupanda jukwaani na mchekeshaji waliigize papo hapo, kana kwamba wako mahali popote watakapopataja watazamaji. Sheria ni moja: asemalo mwenzako hulikatai. Unalikubali, kisha unaongeza lako. Kichomi akapendekeza aalikwe kaka yake, na mpenda sifa yule hakuulizwa mara mbili.

Akazungumzia nini? Wajibu, bila haya hata kidogo. Akapigiwa makofi.

"Saluni," mtazamaji mmoja akataja mahali.

Kichomi akaketi, kichwa upande. "Karibu, mwanangu. Hii ndiyo saluni ya ahera. Nimekuja kusukwa, maana nilikufa nywele timtim, macho mlangoni, nikikungoja wewe."

Watu wakaangua kicheko. Kaka aliikumbuka sheria. Kukataa hakuruhusiwi.

"Ndiyo, mama. Nilichelewa."

"Ulichelewa, au hukuja?"

"Sikuja."

Kicheko kikafifia. Miaka yote Kichomi alikuwa akilitaka neno hilo mbele za watu, na sasa alipolipata alisikia raha, raha ya kweli, wala hakuionea aibu.

Lakini kaka hakuwa mjinga. Akatabasamu. "Tena, mama, dada ameshanisamehe."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo. Sheria ni sheria, na Kichomi ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni.

"Ni kweli, mwanangu," akasema. "Dada yako amekusamehe."

Kisha akaegemea kiti, akafumba macho kama mama yao siku ile.

"Mimi bado."

Kaka akasimama pale pale, akingoja afumbue macho. Hakuyafumbua.